Mtambo upo, gesi hamna: kwa nini ubunifu wa mazingira unafia mikononi mwa taasisi

Nyuma ya jiko la shule moja ya bweni huku Moshi vijijini, shule ambayo nilikaa ofisi ya uhasibu miaka kadhaa, kuna kuba la saruji limechomoza kidogo juu ya ardhi kama mgongo wa kobe. Ni mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi. Nilipofika pale nilikuta matete yameshaota juu yake, bomba limekatwa, na hatua kumi tu kutoka hapo wapishi wanapika makande kwa magogo, moshi mpaka machozi yanawatoka. Mgeni akija akiuliza hiki ni nini anajibiwa "ni biogesi ila iliharibika", na mimi hilo jibu nililibeba hivohivo kwa muda mrefu.

Alafu mwaka mmoja bodi ikataka tujue inagharimu kiasi gani kuifufua, akaletwa fundi. Akazunguka, akafungua kifuniko, akaangalia kwa tochi, akasema kuba ni zima, halina ufa. Nikaanza kufukua mafaili kwa sababu sikuelewa, kitu kizima kinakufaje?

Kilichotokea ni hiki. Ng'ombe wa shule walikuwa chini ya mradi wa elimu ya kujitegemea, wana mwalimu wao na kitabu chao cha hesabu, na kipato chao ni maziwa. Gesi ilikuwa inapunguza gharama ya jiko, ambalo lina kitabu kingine kabisa. Mwaka ambao shule ilibanwa na madeni wakauza ng'ombe wengi wakabaki wawili, na kwenye muhtasari wa kikao kile hakuna hata mstari mmoja unaotaja jiko, kwa sababu kwa mujibu wa vitabu ng'ombe na jiko hawajuani. Kubeba samadi na kuichanganya na maji ilikuwa adhabu ya wanafunzi, yaani ukichelewa paredi unaenda kwenye biogesi, kwa hiyo wiki ambayo watoto wana adabu mtambo haupati chakula, na likizo ndo kabisa. Na lile koki la kutolea maji kwenye bomba, maana gesi inatoka na mvuke na ule mvuke ukipoa unakuwa maji yanayokaa sehemu ya chini ya bomba yanaziba njia, alionyeshwa mlinzi mmoja tu siku ya makabidhiano, na mlinzi akaacha kazi. Moto ukaanza kurukaruka, ukawa wa njano, wapishi wakasema gesi imeisha, wakarudi kwenye magogo. Huwezi kuwalaumu, watoto wanasubiri chakula saa saba na nusu.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu watu wengi tukisema ubunifu wa mazingira tunawaza kifaa. Sola, biogesi, chujio, mashine mpya. Kumbe kifaa kinaweza kuwa kizuri na kimethibitishwa na bado taasisi ikashindwa kukiendesha. Biogesi yenyewe sio ngeni kwetu hata kidogo. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wapo hapo Arusha tangu 1981, na miaka hiyo ya themanini ndo walitengeneza aina yao ya kuba la kudumu, la kujengwa kwa matofali na saruji chini ya ardhi, linalofaa ng'ombe wa kufugwa ndani kama wa huku kwetu. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani na mafundi wengi wakafundishwa. Kwa hiyo elimu ipo na mafundi wapo, na ukiamua leo unajenga. Swali linalobaki ni la ndani ya taasisi.

Hebu fikiria kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee wa Kichagga, kile cha zamani, migomba juu ya kahawa, ng'ombe bandani, mfongo unapita pembeni unaleta maji kutoka mlimani. Jani la mgomba linaenda kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe inarudi kwenye mgomba na kahawa, machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wanakula mifugo, hakuna kinachotupwa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mfumo huu mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu. Tunausifia kama hekima ya wazee, na ni kweli, ila mimi naona kuna sababu moja ya kawaida sana iliyofanya ufanye kazi: anayekata jani, anayekama ng'ombe na anayekula ndizi ni nyumba moja. Mama akiacha kupeleka samadi mgombani, njaa itakuja mezani kwake mwenyewe.

Kwenye taasisi, hiyo kamba inayofunga taabu na faida pamoja imekatwa. Anayebeba taabu ni idara hii, anayefaidika ni idara ile, na anayelipa pengine ni mzazi ambaye hata hayupo. Kwa hiyo kazi ya kuingiza ubunifu wa kijani kwenye shule, hospitali, hoteli au kiwanda ni kazi ya kuunga hiyo kamba upya kwa karatasi na majukumu, kwa sababu damu na undugu haviko pale kukufanyia. Ukilishika hilo mengine mengi yanaeleweka.

Angalia kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Muwa ukishakamuliwa unabaki na makapi makavu, mengi mno, yakiachwa yanajaa uwanja na yanaweza kushika moto. Wanayachoma kwenye boila, mvuke unazungusha mashine za umeme, umeme unaendesha kiwanda na pampu za kumwagilia mashamba, na unaozidi unauzwa TANESCO. Kwa nini hii haifi kama kuba letu? Makapi yanazaliwa mita chache kutoka kwenye boila, hakuna wa kuyabeba kwa adhabu. Boila ikizima kiwanda kizima kinasimama, kwa hiyo kuanzia meneja mpaka mtu wa zamu ya usiku kila mtu anaumia siku ileile. Ile kamba ya kihamba ipo pale, imefungwa kwa chuma.

Dunia nzima wanaousoma huu mpangilio huwa wanataja mji mdogo wa Kalundborg huko Denmark. Kituo cha umeme kinapeleka mvuke kwa majirani zake wa viwandani, na kwa miaka mingi jasi iliyopatikana kwenye kusafisha moshi wake ilikuwa inaenda kutengeneza mbao za ukutani. Kinachonivutia mimi ni kwamba hawakukaa chini siku moja wakachora mfumo wote, walianza miaka ya sabini na mkataba mmoja, kisha mwingine, kila mmoja ukiwa na faida yake kwa pande mbili. Taka ya huyu ikaandikiwa bei kwenye kitabu cha yule. Na hata huku mfugaji anayenunua machicha ya bia kwa ajili ya ng'ombe wake yupo kwenye biashara ya namna hiyohiyo, ila hatujazoea kuiita ubunifu.

Kuna tofauti moja inabidi ieleweke kabla hatujaenda mbali, kati ya kusafisha uchafu ulioshatoka na kubadilisha kazi ili uchafu usitoke. Mfano wa karibu ni kahawa. Kahawa mbivu ikimenywa kwa mashine za zamani inakula maji mengi, na maji yale yakitoka yana sukari na utelezi wa tunda, yanachacha, yakiingia mtoni yanakula hewa ya samaki na harufu yake anayekaa bondeni msimu wa mavuno anaijua. Unaweza kuchimba mashimo ya kuyatuliza, hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni kubadilisha mashine yenyewe. Watafiti wa kahawa wa Cenicafé kule Kolombia walionyesha kwamba unaweza kushuka kutoka lita 40 hivi kwa kila kilo ya kahawa kavu yenye ganda mpaka karibu lita 1, kwa mashine inayomenya bila maji na kusugua utelezi kwa maji kidogo, na ndo wazo lililo ndani ya mashine kama za Penagos.

Sasa mkulima mmoja wa nusu ekari hawezi kununua mashine hiyo. Inanunuliwa na kikundi au AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na hapo mambo yanakuwa ya kitaasisi mara moja: wakulima wakubali kupeleka kahawa mbivu siku ileile badala ya kila mtu kumenya nyumbani kwake, mtu wa mizani aaminike, malipo ya awali yawepo maana mtu ameshazoea kuuza polepole akipata shida ya ada, na mashine ina umeme au dizeli inayotaka hela kabla kahawa haijauzwa. Mashine inaokoa mto. Ila mto hauna kiti kwenye mkutano mkuu, na wakulima wataikubali kwa sababu kahawa inayomenywa pamoja inatoka na ubora unaolingana na inaweza kupata bei nzuri zaidi. Sioni ubaya wowote kwenye hilo. Ukitaka kitu cha mazingira kikae, kiegemeze kwenye faida ambayo watu walishaitaka toka zamani.

Hii Wamarekani wa 3M, kampuni kubwa ya viwanda, waliitambua mapema, 1975 walianzisha mpango wa ndani uliosimama juu ya wazo kwamba kuzuia uchafu kunalipa, na mawazo yalikuwa yanatoka kwa wafanyakazi wenyewe, watu wanaoshika mashine kila siku. Nadhani sehemu hiyo ya pili ndo taasisi zetu zinairuka. Mpishi anaulizwa lini?

Kuna mfano wa Arusha ambao naupenda kuliko yote. Maji ya sehemu nyingi za kuzunguka Meru yana floridi nyingi, tunajua wote yale meno ya kahawia, na wengine mifupa inapinda. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alitengeneza chujio linalochanganya mchanga na chembechembe ndogo sana za nano, linaloweza kulengwa kwa uchafu wa sehemu husika, na mwaka 2015 likampa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Watu wanakumbuka tuzo. Mimi nakumbuka zaidi kilichofuata, maana familia nyingi zenye shida hiyo haziwezi kulipia chujio zima kwa mkupuo. Ukaja mpango wa vituo vya maji, mjasiriamali anakaa na chujio, watu wanakuja na ndoo wananunua maji safi kwa bei ndogo. Chujio ni lilelile ila limebadilishiwa mlango wa kuingilia maishani mwa watu, na huo mlango nao ni ubunifu kamili.

Sheria nayo ina sehemu yake, na ina nguvu. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini na ndani ya wiki chache rambo zikapotea sokoni Mbuyuni na Kilombero, kitu ambacho semina za miaka mingi hazikuweza. Lakini angalia kwa nini ile ilishika: mbadala ulikuwepo, unashikika mkononi, bei yake inajulikana, na kubadilisha hakukuhitaji mtu ajifunze chochote. Sasa linganisha na nishati ya kupikia. Serikali iliagiza taasisi zinazopika kwa zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, mwisho ukatajwa kuwa Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, nimeona macho ya wale akina mama. Ila agizo likifika shuleni linakutana na vitabu, na hapo ndo nilipokuwa nimekaa mimi.

Niwaeleze kuhusu kuni kwenye vitabu. Shule nyingi mzazi analeta sehemu ya mchango kwa vitu, debe la mahindi, maharage, na mzigo wa kuni. Zile kuni zikipokelewa stoo zinaandikwa idadi, haziandikwi bei. Kwa hiyo mwisho wa mwaka ukiangalia matumizi ya jiko, nishati ni karibu na bure, ni kulipa tu wa kupasua magogo na lori moja moja zikipungua. Sasa njoo na mitungi mikubwa ya gesi ya kilo 38, kila shilingi inaonekana, inatakiwa taslimu, kabla ya kupika. Ukiweka karatasi mbili mbele ya bodi, moja ina sifuri na nyingine ina mamilioni, hakuna mjumbe atakayeinua mkono. Hata kama sifuri ile ni uongo. Mzazi ameikata ile kuni, amelipia pikipiki kuileta, na msitu umeilipa pia, lakini kitabu hakijui.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kidogo sana na hakina harufu ya teknolojia: muhula mmoja mzima tuliandika kila mzigo wa kuni kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Basi. Ilipofika kikao cha bodi ile sifuri haikuwepo tena na mazungumzo yakawa mengine kabisa. Mkutano wa wazazi ulikuwa mgumu zaidi, baba mmoja alisimama akasema kuni natoa kihambani kwangu, hela naitoa wapi, na alikuwa na haki. Wakakubaliana asiyeweza kulipa hela ya gesi aongeze maharage, shule ipunguze kununua maharage, hela hiyo iende kwenye gesi. Ilichukua mikutano miwili.

Kitu cha pili kilikuwa jaribio, jiko moja, sufuria moja, wiki mbili. Na hapa nimshukuru mama mpishi mkuu, wote tunamwita Mama tu, kwa sababu siku ya pili aligundua kitu ambacho hakuna mtaalamu alikisema. Uji na chai vilienda vizuri, ila ugali ukagoma kabisa. Kusonga ugali wa mamia ya watoto mtu anasimama, anashika mwiko mrefu kwa mikono miwili anaegemea kwa uzito wake wote, na kwenye jiko la kuni sufuria limezama ndani ya ukuta wa jiko halitikisiki. Kwenye jiko la gesi lilikuwa linazunguka na mwiko, likataka kumwagikia mtu. Angeweza kuungua. Akaitwa fundi wa kuchomelea, akapima, akatengeneza fremu ya chuma yenye meno matatu inayobana sufuria, kazi ya siku moja. Kama tungenunua majiko sita kwa pamoja kama ilivyopendekezwa mwanzoni, wapishi wangeyakataa wiki ya kwanza na tungeandika kwenye ripoti kwamba wapishi wana ukaidi.

Kuna mfumo wa kimataifa wa usimamizi wa mazingira, ISO 14001, ulitoka mara ya kwanza 1996 ukafanyiwa marekebisho makubwa 2015, na hoteli na viwanda vingi vinautumia. Watu wanadhani ukiwa na cheti chake basi wewe ni msafi, lakini wenyewe haukuwekei kiwango cha moshi au cha taka, unakutaka uwe na mzunguko: panga, fanya, kagua, rekebisha, na kila jukumu liwe na mtu. Kwa shule ya kata hauhitaji cheti, ila huo mzunguko unafaa hata kwa mradi wa jiko moja. Kipengele cha kukagua ndo kinaachwa mara nyingi kwa sababu kinachosha. Mlimani Kilimanjaro wanakielewa. Mizigo ya wapagazi inapimwa getini, kikomo kilo 20, na takataka za msafara nazo zinapimwa wakati wa kushuka, kwa hiyo kiongozi wa msafara anajua mwisho wa siku kuna mzani unamsubiri. Ukiutoa ule mzani ukabaki na bango la "tunza mazingira", nadhani kila mtu anajua makopo yataishia wapi.

Turudi kwenye kuba. Gesi ya mtungi inafanya kazi, lakini ilipotulia Mama ndo alikuwa wa kwanza kuuliza, na ile ya ng'ombe je? Ng'ombe walikuwa wameongezeka tena. Safari hii kabla ya kununua bomba tukaandika kwanza nani anafanya nini. Samadi ikatolewa kwenye adhabu ikawa kwenye barua ya ajira ya mtu wa ng'ombe, ndoo kwa ndoo na maji kiasi kilekile, likizo pia. Kitabu cha jiko kinakilipa kitabu cha mradi kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya gesi, shule inajilipa yenyewe ndio, lakini kwa namna hiyo mwalimu wa mradi sasa anajua akiuza ng'ombe anapoteza mteja. Tope linalotoka upande wa pili linaenda bustani ya mboga, na mwenye bustani ndo mtu wa kwanza kulalamika likipungua, kwa hiyo tumepata mlinzi wa mtambo bila kumwajiri. Haitoshi kupikia ugali wa shule nzima, tulipiga hesabu mapema tukajua, inatosha chai ya asubuhi na chakula cha wagonjwa.

Na lile koki la maji limehamishwa karibu na mlango wa jiko, kwenye urefu wa kiuno. Jumatatu asubuhi kabla chai haijachemka Mama anaweka kopo chini yake, anafungua, maji yanachuruzika kama nusu kikombe, anafunga, anamwaga. Kuna daftari limening'inizwa kwenye msumari pembeni na kalamu imefungwa kwa uzi. Anaandika tarehe na neno "nimetoa", ananawa mikono, anarudi kwenye chai.